Jiwe la minandi: Historia ya fosfeti ya Minjingu na udongo wa Kanja

Kwetu Kanja, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, neno ‘mawe’ nimelisikia likipata maana mpya. Mtu akisema “mimi niliuziwa mawe”, hazungumzii kokoto za kujengea. Anazungumzia gunia la mbolea ghushi. Maana hiyo ilishika kasi katika msimu wa mvua ndefu wa mwaka 2024, wakulima katika kaunti kadhaa za Kenya walipogundua kwamba mbolea ya ruzuku waliyouziwa haikuwa mbolea. Tangu hapo, ukimwonyesha mkulima unga wowote unaofanana na vumbi, atakutazama kwa jicho la pembeni.

Hasira hiyo naielewa. Hata hivyo, inaweza kutupotosha kwa upande wa pili, kwa sababu yapo mawe ambayo ni mbolea halisi. Si hilo tu: karibu fosforasi yote iliyomo katika magunia ya DAP tunayonunua ilikuwa jiwe kabla ya kupitia kiwandani. Wiki hii nataka kusimulia historia ya jiwe moja la aina hiyo, linalochimbwa Minjingu, kaskazini mwa Tanzania. Historia yake inauhusu udongo wetu wa Embu na Meru kuliko wengi wanavyodhani.

Tuanze na maneno, maana hii ni safu ya lugha. Kiswahili kina ‘samadi’, lililotoka katika Kiarabu, nalo hutumiwa zaidi kwa kinyesi cha mifugo kinachotiwa shambani. Kina pia ‘mbolea’, neno pana linalobeba samadi, mboji na kile cha viwandani. Wenzetu wa Tanzania huiita hii ya viwandani ‘mbolea ya chumvichumvi’, kwa kuwa punje zake zinafanana na chumvi ya mawe. Hapa Kenya wengi wetu husema tu ‘fatalaiza’, basi yameisha. Ukiyapanga maneno hayo, utaona yanatenganisha vitu viwili: kinachotoka kwa mnyama na kinachotoka kiwandani. Jiwe la Minjingu linauvuruga mpangilio huo. Ni jiwe, tena linasagwa kwa mashine, lakini asili yake ni kinyesi na mifupa. Ni samadi iliyogeuka mwamba.

Wanajiolojia huuweka mwamba wa namna hii katika kundi la miamba mashapo, ambayo vitabu vingine vya shule huiita miamba tabaka. Naipenda istilahi ya kwanza. Mashapo ni kile kinachobaki chini unapochuja kinywaji au kumaliza kikombe cha kahawa. Mwamba mashapo basi ni machicha ya ziwa au bahari: vitu vilivyozama, vikalaliana tabaka juu ya tabaka, vikakandamizwa na kukauka hadi vikawa vigumu.

Nilipomweleza jambo hili jirani yangu mmoja, mama anayelima kahawa na mahindi, alinirudishia swali zuri sana. “Mwalimu, mawe si hata hapo mtoni yapo? Mbona hayo yasisagwe tukatia shambani?”

Jibu lake, msomaji, ndiyo jiolojia yenyewe.

Kisiwa katikati ya ziwa

Mawe ya mito yetu ni lava ya Mlima Kenya. Yana fosforasi, lakini kidogo na iliyotawanyika. Ili fosforasi ikusanyike mahali pamoja kiasi cha kuchimbwa, inahitaji mkusanyaji. Penginepo mkusanyaji ni moto wa chini ya ardhi. Vilima vya Sukulu karibu na Tororo, Uganda, vina fosfeti iliyotokana na magma, na hiyo haikuwahi kuwa kinyesi cha kiumbe chochote. Minjingu mkusanyaji alikuwa ndege.

Ukisafiri kutoka Arusha kwenda Babati, ukishapita Makuyuni unakutana na tambarare pana upande wa mashariki wa Ziwa Manyara. Katika tambarare hiyo kuna kilima cha Minjingu, cha miamba ya kale mno kuliko kila kitu kinachokizunguka. Zamani ziwa lilikuwa kubwa kuliko lilivyo leo. Maji yake yalikizunguka kilima hicho, nacho kikawa kisiwa.

Ndege wa majini wanakipenda kisiwa, kwa sababu fisi na mbweha hawakifikii kiota. Waliokaa Minjingu zaidi ni minandi, wale ndege weusi wenye shingo ndefu wanaopiga mbizi kufuata samaki na kisha kusimama juani wakitandaza mabawa yakauke. Walivua kotekote ziwani na kurudi kisiwani kulala, kuzaa na kufa. Kinyesi chao, mayai yaliyovunjika, makinda yaliyoanguka na mabaki ya samaki vyote viliteremka hadi kwenye maji ya kina kifupi kandokando ya kilima.

Itazame safari ya fosforasi katika kisa hicho. Mvua iliitoa kwenye miamba na majivu ya volkeno ya Bonde la Ufa, mito ikaipeleka ziwani, mwani ukaifyonza, samaki wakala mwani, minandi wakala samaki. Kitu kilichokuwa kimetawanyika katika eneo kubwa mno kikaishia kuzunguka kilima kimoja. Vizazi kwa vizazi vya ndege viliifanya kazi hiyo, na katikati ya tabaka zao kukaingia tabaka za udongo wa mfinyanzi kila mazingira ya ziwa yalipobadilika.

Ushahidi umo ndani ya jiwe lenyewe. Tabaka za Minjingu zimejaa visukuku vya mifupa ya minandi pamoja na vya samaki. Mwaka 1991, mtafiti Mjerumani Thomas Schlüter alichapisha maelezo ya mnandi huyo kama spishi ambayo haikuwa imetambuliwa kabla, akampa jina la kisayansi Phalacrocorax kuehneanus. Umri wa tabaka hizo aliukadiria kuwa wa mwishoni mwa kipindi cha Pliosini, yaani zaidi ya miaka milioni mbili na nusu iliyopita.

Kadirio hilo lina jambo la kututia hamu sisi wa huku. Mlima Kenya nao ulikuwa ukitema lava kati ya takriban miaka milioni 3.1 na milioni 2.6 iliyopita. Kwa hiyo, ikiwa Schlüter alikadiria sawasawa, jiwe la Minjingu na mwamba uliozaa udongo wa Kanja ni marika.

Ndege huyu na ndege hii

Wenyeji wa Minjingu wamekiona kilima chao siku zote. Kilichokuwa hakijulikani ni thamani ya mashapo yake, na namna ilivyojulikana inafurahisha kwa mtu wa lugha. Mwaka 1956, wakati wa ukoloni wa Mwingereza, eneo hilo lilipimwa kutoka angani kwa ndege iliyobeba kifaa cha kutambua mnururisho. Waliokuwa wakitafutwa hawakuwa minandi. Ilikuwa ni urani, madini yaliyosakwa kwa pupa na mataifa makubwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kifaa kilitoa ishara, watu wakashuka kuchunguza, wakakuta fosfeti. Fosfeti ya aina hii huwa na tabia ya kunasa urani kidogo kutoka majini, na kidogo hicho kilitosha kuonekana kutoka juu.

Kiswahili kinatupa neno moja kwa kiumbe na kwa chombo, lakini sarufi inavitenganisha: ndege huyu alilitengeneza jiwe, ndege hii ikaligundua.

Urani hiyo haikuondoka. Ndiyo sababu wanasayansi wa Tanzania wamekuwa wakipima mnururisho katika mgodi na mazingira yake. Anayelisaga au kulimwaga jiwe hilo anapaswa kujikinga na vumbi kila siku, wala hilo si jambo la kuchukulia kimzaha.

Madini yenyewe yanayobeba fosforasi huitwa apatiti. Mifupa na meno yetu pia yameundwa kwa madini ya ukoo huo. Jina lake alilitoa Mjerumani Abraham Gottlob Werner mwaka 1786, akalichota katika neno la Kigiriki lenye maana ya kudanganya, kwa kuwa apatiti ilikuwa ikiwahadaa watu wakaidhania kuwa madini mengine. Kwa hivyo shaka ya mkulima wa Kanja mbele ya unga wa jiwe ina wazee wake. Hata mabingwa wa madini wa karne ya 18 walishindwa kuitambua fosfeti kwa macho tu.

Fosforasi nayo iligunduliwa mahali ambapo hakuna aliyetarajia. Mwaka 1669, Hennig Brand wa Hamburg alichemsha mikojo mingi akitafuta njia ya kupata dhahabu. Badala yake alipata kitu kilichong’aa gizani, kikaitwa kwa neno la Kigiriki lenye maana ya mbeba mwanga. Karne mbili baadaye, Ulaya ilikuwa ikisafirisha kwa meli kinyesi cha ndege wa visiwa vya Peru, kiitwacho guano, neno la Wakechua wa Andes. Wakechua walikuwa wamekitumia mashambani tangu kale.

Kilichobadilisha mambo zaidi ni hatua ya Mwingereza John Bennet Lawes. Mwaka 1842 alisajili hataza ya kumwaga asidi ya salfa juu ya mifupa na mawe ya fosfeti ili fosforasi iyeyuke haraka ndani ya maji ya udongo. Kila kiwanda cha supafosfeti duniani ni mtoto wa wazo hilo: jiwe limeifungia fosforasi, asidi ndiyo ufunguo. Naomba msomaji alishike hapo wazo hilo la ufunguo.

Kiwanda cha Tanga

Tanzania ilifungua kiwanda cha mbolea mjini Tanga mwaka 1972, wakati Azimio la Arusha lingali bichi na siasa ya kujitegemea ikihubiriwa kila mahali. Ajabu ni kwamba kiwanda hicho cha kujitegemea kilianza kwa kutegemea malighafi za kuagizwa kwa meli. Mgodi wa Minjingu ulipoanza kazi katika miaka ya mapema ya 1980, chini ya shirika la madini la serikali na kwa msaada wa Wafini, lengo lilikuwa kuiziba kasoro hiyo. Jiwe litoke Minjingu, liende pwani, likutane na asidi, lirudi bara likiwa mbolea.

Mpango haukudumu. Mwaka 1991 kiwanda cha Tanga kilifungwa, na mgodi ukabaki na jiwe bila mteja wake mkubwa. Katika miaka ya mwanzo ya 2000 shughuli zikaingia mikononi mwa kampuni binafsi. Jiwe sasa likauzwa moja kwa moja kwa mkulima, likiwa limesagwa tu. Hapo matatizo mengine yakazuka. Unga ulipeperushwa na upepo, ukawaingia watu machoni na puani. Wakulima wengi wa Tanzania, waliozoea punje za chumvichumvi, waliuona kama vumbi la barabarani. Baadaye ukaanza kufinyangwa kuwa punje na kuchanganywa na virutubishi vingine.

Sisi Wakenya tusicheke. Nchi yetu nayo iliwahi kuwa na jaribio lake la jiwe na ufunguo. Katika enzi ya ukoloni, fosfeti ya Busumbu nchini Uganda ililetwa Turbo ikachomwa pamoja na magadi ya Ziwa Magadi ili kupata mbolea ya wakulima wa nyanda za juu. Leo ukiwauliza vijana kuhusu Turbo watakuambia mahindi, na wala hawajui kwamba hapo palikuwa na kiwanda cha fosfeti.

Udongo wetu mwekundu

Sasa turudi kwenye miteremko yetu. Udongo wa Kanja ni mwekundu, wenye kina, unaoshika maji vizuri. Mgeni akiuona anasema mmebarikiwa, na kweli tumebarikiwa. Lakini umelowa mvua kwa maelfu ya miaka. Mvua imeosha kalisiamu na wenzake, ikaacha chuma na alumini. Wekundu tunaouona ni kutu ya chuma hicho. Udongo wa namna hii huwa na asidi, na ndiyo sababu chai inastawi sehemu za juu. Pia chuma na alumini huikamata fosforasi. Mkulima anaweka mbolea, mmea unapata sehemu, nyingine inanaswa kama panya kwenye mtego.

DAP, ambayo tumeizoea kuliko zote, huleta fosforasi iliyo tayari. Lakini ina amonia ndani yake, na bakteria wa udongo wanapoigeuza amonia kuwa naitreti, asidi hutolewa. Ukirudia msimu baada ya msimu bila kurudishia chokaa, udongo uliokuwa na asidi unazidi kuwa nayo.

Basi kumbuka ufunguo wa Lawes. Kiwandani asidi inanunuliwa kwa pesa. Katika udongo wa Kanja asidi ipo bure, na tunailalamikia. Jiwe la Minjingu ni miongoni mwa mawe ya fosfeti yanayoyeyuka kwa urahisi zaidi katika udongo wenye asidi, kwa sababu apatiti yake ni changa na laini ikilinganishwa na ile ya magma ya Sukulu. Linapoyeyuka hutumia sehemu ya asidi hiyo na kuacha kalisiamu. Lile tunaloliita ugonjwa wa udongo wetu ndilo linaloweza kulifungua jiwe.

Upande wa pili wa sarafu hiyo ni kwamba Minjingu kwenyewe mambo ni kinyume. Ziwa Manyara ni la magadi, na asidi haipo ya kuliyeyusha jiwe. Ndiyo maana liliweza kudumu mpaka leo, na ndiyo maana shamba lenye udongo wa magadi linaweza kupakana na mgodi lisipate faida yoyote kutoka kwake. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Hapa mti umeota kwa Babati, mjenzi anakaa Embu.

Hayo si maneno matupu. Katika miaka ya 1990, watafiti walilijaribu jiwe hilo magharibi mwa Kenya, ambako pia kuna udongo wenye asidi uliopungukiwa na fosforasi. Walitia kiasi kikubwa kwa mkupuo mmoja, kilo 250 za fosforasi kwa hekta, na faida yake ikaonekana kwa misimu kadhaa iliyofuata. Chuo Kikuu cha Moi nacho kilibuni kifurushi cha mkulima mdogo kilichoitwa PREP-PAC: kilo 2 za unga wa Minjingu, gramu 200 za urea, mbegu za jamii ya kunde na bakteria wake, vya kutosha kipande cha mita 25 za mraba. Mkulima alitakiwa kuanza na pale shambani palipochoka zaidi.

Lakini nisiuze jiwe kama dawa ya waganga wa barabarani. Kwanza, linachelewa. Unga wake una takriban asilimia 13 ya fosforasi, lakini sehemu ndogo tu ndiyo inayopatikana mara moja. Anayepanda mahindi ya msimu mmoja kwenye shamba la kukodi hana sababu ya kumwekea mwenye shamba akiba ya miaka mitano. Pili, halina naitrojeni, kwa hiyo bila samadi, majani mabichi au urea, mahindi yatabaki ya njano. Tatu, ukitia chokaa nyingi pamoja na jiwe katika shimo moja, unaua asidi iliyopaswa kuliyeyusha. Hapo umelipa ufunguo na kufuli, halafu ukautupa ufunguo. Nne, kaunti yetu ni moja lakini udongo si mmoja. Ukiteremka kutoka Kanja hadi Mbeere, kwa akina Siakago na Kiritiri, unakuta udongo wa kichanga wa miamba ya kale, mvua ni chache na asidi mara nyingi si kali. Jiwe linalofaa juu huenda lisifanye lolote kule chini. Anayetaka kujua apeleke udongo wake upimwe kabla ya kununua.

Isitoshe, jiwe hili lina mwisho. Nauru, kisiwa kidogo cha Pasifiki, kilichimbwa fosfeti tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi sehemu kubwa ya ardhi yake ikabaki vichuguu vya mawe visivyolimika. Minandi wa Minjingu hawapo tena kutuongezea tabaka. Kila lori linalotoka pale linabeba kazi ya ndege ambayo haitarudiwa katika maisha ya binadamu yeyote.

Haya yote mkulima atayajuaje? Magunia mengi yanayofika madukani kwetu yana maandishi ya Kiingereza na tarakimu tatu zilizotenganishwa kwa vistari. Kiswahili kimekuwa na istilahi za sayansi kwa muda mrefu. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na TUKI mwaka 1990. Maneno tunayo, ila hayajafika dukani. Ningependa kuona gunia la fosfeti ya mwamba limeandikwa wazi kwa Kiswahili: kwamba huu ni unga wa jiwe, umetoka wapi, una fosforasi kiasi gani, unafaa udongo wenye asidi, usichanganywe na chokaa, na mtumiaji afunike pua na mdomo. Sentensi sita zinatosha.

Maandishi kama hayo yangemsaidia mkulima kwa njia mbili. Angejua lini jiwe ni mbolea, na angepata cha kumshtaki nacho yule aliyemuuzia kokoto. Kwa sasa mama wa Kanja na mama wa Siakago wanaweza kununua gunia lile lile katika duka lile lile mjini Embu. Mmoja akavuna, mwingine akaambulia patupu, na wote wawili wasijue ni kwa nini.